Mbao za Mawimbi za Kale na Ushahidi wa Maumbo Yake

Vyombo vya kale havina ulimi, lakini havikosi habari. Mtungi huonyesha udongo wa nchi ulikofinyangwa. Mlango uliochongwa huonyesha mkono wa fundi na cheo cha mwenye nyumba. Na mashua humwambia baharia, kwa omo yake tu, mahali ilikoundwa na kazi iliyokusudiwa. Ubao wa mawimbi ni chombo cha namna hiyo. Kwa mtu asiyeujua ni ubao mrefu tu, ambao mpanda mawimbi huulalia kifudifudi, akapiga makasia kwa mikono yake mpaka mahali mawimbi yanapoinuka, kisha husimama juu yake akarudi pwani akibebwa na wimbi moja. Kwa aujuaye, ubao huo ni hati. Katika unene wake, katika mviringo wa kingo zake, na katika namna tezi yake ilivyokatwa, husomwa mti uliopatikana katika nchi ile, bahari iliyokabiliwa, na fikira za watu wa zama zile.

Kusoma hati hiyo kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kuipima kazi ya jana kwa kipimo cha leo, na kuona kila kilichotangulia kuwa ni upungufu uliongoja kusahihishwa. Ya pili ni kuupenda ukale kwa kuwa ni ukale, mpaka ubao mbovu na ubao bora vikawa na thamani moja, maadam vyote viwili vina vumbi. Njia iliyo sawa hupita kati ya hizo mbili. Kila ubao uliotengenezwa kwa akili ulikuwa jibu la swali, na mwenye kutaka kuutambua na kuustahi ni lazima alijue kwanza swali lenyewe.

Sanaa hii ilifikia daraja yake ya juu, tangu zama za kale, katika visiwa vya Hawaii. Si kwamba watu wengine hawakuwa na desturi ya kucheza na mawimbi. Huko Accra, katika miaka ya 1830, Mskoti James Alexander aliwaona wavulana wakiogelea baharini na vibao vyepesi chini ya matumbo yao, wakingojea wimbi liwarudishe pwani. Na wavuvi wa Peru tangu zamani walirejea nchi kavu kwa vyombo vya matete vilivyosukumwa na mawimbi. Lakini Hawaii ndiko watu walikosimama juu ya mbao ndefu, wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa wadogo. Na ndiko utengenezaji wa mbao ulikokuwa kazi yenye kanuni, majina na daraja. Luteni James King, aliyekuwa katika safari ya Kapteni Cook, aliutazama mchezo huo katika ghuba ya Kealakekua mwaka 1779 akaandika habari zake, na maandiko hayo yakachapishwa mwaka 1784.

Mbao za Hawaii zilikuwa za aina mbalimbali. Paipo ilikuwa fupi, ya kulalia tumbo, na aghalabu ilikuwa ya watoto. Alaia ilikuwa na urefu wa futi 6 hadi 10 au zaidi kidogo, nyembamba kwa unene, yenye omo ya mviringo na tezi iliyokatwa mraba. Ilichongwa kwa mti wa koa, ambao ni wa jamii ya mgunga, au kwa mshelisheli. Olo ilikuwa ndefu kuliko zote, futi 14 hadi 18, nene katikati na iliyovimba juu na chini, na aghalabu ilitengenezwa kwa wiliwili, mti mwepesi sana. Mapokeo yanasema kuwa olo ilikuwa chombo cha machifu. Fundi aliweka sadaka ya samaki mwekundu shinani kabla ya kuuondoa mti. Akauchonga kwa tezo ya jiwe. Akausugua kwa matumbawe mpaka ukalainika. Akautia rangi nyeusi ya mizizi au masizi. Na mwisho akaupaka mafuta ya kokwa za kukui. Hakuna aina yoyote kati ya hizo iliyokuwa na pezi chini yake.

Mtazamaji wa leo huona alaia bila pezi akadhani kuwa fundi hakujua. Hilo ni kosa la kwanza, na ndilo lililo baya zaidi. Olo na alaia zilikuwa majibu ya maswali mawili tofauti. Olo, kwa urefu na wepesi wa mti wake, ililikamata wimbi likali mbali na pwani, wakati lilipokuwa bado ni mvimbo wa maji usiovunjika, na mpandaji akasafiri nalo masafa marefu. Alaia ilifaa wimbi lililosimama wima na kuvunjika kwa haraka. Unene wake mdogo uliruhusu ukingo kuzama katika uso wa maji na kushika, hata ubao ukaweza kukata wimbi kwa mshazari bila ya chombo kingine cha kuushikilia. Ukingo ulifanya kazi ya pezi. Mwenye kuijua sababu hiyo huutafuta ukingo kwanza, wala hasikitiki kwa kutokuona pezi.

Karne ya 19 ilikuwa karne ya msiba kwa watu wa Hawaii na kwa sanaa yao. Mwaka 1819 miiko ya kale ilivunjwa, na pamoja nayo sikukuu ambazo watu walizitumia kwa michezo. Mwaka 1820 wamisionari wa kwanza walifika kutoka Marekani. Maradhi yaliyoletwa na wageni yalipunguza watu kwa wingi wa kutisha, na mashamba ya miwa yalibadilisha kazi na wakati wa waliosalia. Mwaka 1893 utawala wa kifalme uliangushwa, na mwaka 1898 visiwa vikatiwa katika milki ya Marekani. Wasafiri wengi walioandika katika miaka hiyo waliutaja mchezo wa mawimbi kama kitu kilichokufa au kinachokata roho.

Lakini mbao zenyewe zatoa ushahidi mwingine. Mwaka 1885 wana wa kifalme watatu wa Hawaii, David Kawananakoa, Edward Keliiahonui na Jonah Kuhio Kalanianaole, walikuwa wanafunzi katika California. Wakati wa likizo, katika mji wa Santa Cruz, walipanda mawimbi mbele ya watu kwa mbao zilizopasuliwa huko huko kutoka mti mwekundu mkubwa wa California. Vijana hao hawakuwa na koa wala wiliwili. Walikuwa na umbo katika akili zao, wakalitia katika mti wa ugenini. Habari hiyo ni fundisho kwa mwenye kutambua vitu vya kale: mti hueleza mahali ubao ulipochongwa, lakini haukiri peke yake nani aliyelitunga umbo lake.

Jumba la makumbusho la Bishop, mjini Honolulu, lilianzishwa mwaka 1889 kwa kumbukumbu ya Binti Mfalme Bernice Pauahi. Miongoni mwa amana zake kuna alaia ya Binti Mfalme Kaʻiulani, na pia olo za chifu Abner Paki, baba yake Bernice Pauahi, aliyefariki mwaka 1855. Mbao za Paki zina urefu wa kama futi 16, na uzito wa kama ratili 150. Kwa miaka mingi zilikuwa nje ya jumba, zimefungwa ukutani, zimepakwa rangi nyekundu isiyo yake. Waliopita waliona mbao mbili kubwa zisizo na kazi.

Wakati huo mchezo wenyewe ulikuwa umeanza kuinuka tena katika pwani ya Waikiki. Mwaka 1907 George Freeth, mtu wa damu ya Kihawaii na ya Kizungu, alikwenda California akaonyesha upandaji wa mawimbi huko. Mwaka 1912 Duke Kahanamoku, mzaliwa wa Honolulu, alishinda katika mbio za kuogelea za Olimpiki mjini Stockholm, na jina lake likaenea duniani. Alipofika Australia kiangazi cha mwaka 1914 na 1915, alichonga ubao mmoja wa msonobari kwa mbao zilizopatikana huko, akaupanda katika ufukwe wa Freshwater karibu na Sydney. Ubao huo umehifadhiwa na chama cha waokoaji cha Freshwater mpaka leo. Ni ubao wa gogo zima: bapa, mzito, usio na pezi, wenye omo ya mviringo na tezi pana. Hiyo ndiyo sura ya mbao za miongo mitatu ya kwanza ya karne ya 20, na mwenye kuona sura hiyo pamoja na uzito wa kushinda bega la mtu mmoja ana haki ya kuanza kufikiri juu ya zama hizo.

Miaka kama kumi baadaye alifika Honolulu kijana mmoja wa Kimarekani, mwogeleaji, jina lake Tom Blake. Yeye hakuzipita mbao za Paki kama walivyozipita wengine. Aliomba ruhusa, na mnamo mwaka 1926 akazitengeneza: akaondoa rangi, akaziba nyufa, akausafisha mti. Kisha akaunda mfano wake. Kwa kuwa redwood ni nzito kuliko wiliwili, alitoboa matundu mengi katika ubao mpya, akayafunika juu na chini kwa mbao nyembamba, ili uzito upungue. Kutoka hapo fikira ilikwenda mbele: kama matundu yanafaa, uwazi mtupu wafaa zaidi. Blake akaunda ubao wenye mataruma ndani, kama mashua au kama bawa la ndege, uliofunikwa kwa mbao nyembamba juu na chini, na mwaka 1932 akapewa hataza ya serikali ya Marekani. Watu waliuita ubao huo kwa mzaha sanduku la sigara. Lakini sanduku hilo lilikuwa jepesi kuliko ubao wa gogo wa ukubwa ule ule. Liliwapa wanyonge wa mwili nafasi ya kwenda baharini. Na waokoaji wa pwani wakalifanya chombo chao cha kazi.

Basi, ubao mpya kuliko zote za wakati wake ulizaliwa kutokana na ubao wa kale kuliko zote uliokuwa ukutani. Hapa ndipo faida ya kutambua inapoonekana wazi. Olo ya Paki ilikuwa na jibu ndani yake, lakini jibu halikusikika mpaka alipokuja mtu wa kuuliza. Ubao wa Blake nao una alama zake: ni mtupu ndani, hulia ukigongwa, misumari au parafujo za shaba hufuata mistari ya mataruma, na juu yake kuna kizibo cha kutolea maji, kwa kuwa hakuna ubao wa namna hiyo usiovuja.

Mwaka 1935 Blake alichukua mkuku mdogo wa motaboti iliyotupwa, akaugandamiza chini ya tezi ya ubao wake. Ubao ulitulia na kufuata uelekeo wake. Hilo ndilo pezi linalohesabiwa kuwa la kwanza katika historia ya ubao wa kisasa. Lakini halikupokewa mara moja, na sababu si ukaidi mtupu. Mwaka 1937 vijana wa Honolulu, miongoni mwao John Kelly, Wally Froiseth na Fran Heath, walijibu swali lile lile kwa njia nyingine. Mbao zao bapa zenye tezi pana ziliteleza pembeni kwenye mawimbi makali. Wakaupunguza ubao mmoja kwa shoka, wakaifanya tezi kuwa nyembamba, na chini yake wakaipa umbo la kifua cha mashua. Tezi hiyo ilizama na kushika maji. Kwa mbao hizo wakaweza kuyakabili mawimbi ambayo watu waliyaogopa. Mtu akutanaye na ubao wa redwood wa miaka ya mwisho ya 1930, wenye tezi nyembamba na usio na pezi, asiseme kuwa pezi limeng'oka. Na atazame vizuri: kama hakuna alama ya msumari wala gundi, huenda pezi halikuwapo kamwe.

Vita Vikuu vya Pili vilileta vitu viwili ambavyo havikukusudiwa kwa michezo: nguo iliyofumwa kwa nyuzi za kioo, na rezini, yaani utomvu wa viwandani unaoganda kama jiwe. Mwaka 1946 Pete Peterson wa California aliunda ubao uliotumia vitu hivyo. Umuhimu wake haukuwa katika nguvu peke yake. Balsa, mti mwepesi wa Ecuador, ulikuwa umekwisha kujulikana na waundaji, lakini ulinyonya maji na kuchakaa upesi, na kwa hiyo aghalabu ulichanganywa na redwood kwenye kingo. Ganda la kioo lilizuia maji, na balsa ikapata uhuru wake. Uzito wa ubao ukashuka kutoka ratili 80 au 100 mpaka 30, na hata chini ya hapo.

Uhuru huo ulitumiwa na watu wa tabia mbalimbali. Bob Simmons, mwanafunzi wa hisabati na uhandisi, alisoma kazi ya Lindsay Lord ya mwaka 1946 juu ya mashua zinazoteleza juu ya maji kwa kasi, akazitia hesabu hizo katika ubao. Mbao zake zina tezi pana, kingo nyembamba, omo iliyoinuliwa kama kijiko, na mara nyingi mapezi mawili. Mwaka 1949 aliunda mbao za tabaka, zenye povu ndani na mbao nyembamba nje. Alikufa maji mwaka 1954 katika mawimbi ya Windansea, La Jolla. Joe Quigg naye, mwaka 1947, alimwundia Darrilyn Zanuck ubao mwepesi wa redwood na balsa, kwa kuwa mwanamke huyo alitaka chombo anachoweza kukibeba. Wanaume waliouazima waliona kuwa unageuka upesi kuliko wao. Kutoka katika hitaji hilo la mwanamke mmoja lilitoka umbo lililopendwa Malibu, na kutoka Malibu likaenea pwani nyingine. Mwenye kuandika historia ya mbao kwa majina ya wanaume peke yao hajausoma ubao huo.

Mnamo mwaka 1955 Dale Velzy aliupeleka upana wa ubao nyuma ya katikati, karibu na tezi, ili mpandaji asimamaye nyuma augeuze kwa mguu mmoja. Umbo hilo liliitwa nguruwe, na jina lenyewe laonyesha kuwa waliolipenda hawakulipendea uzuri wa sura. Ndilo swali la kuuliza mbele ya kila ubao wa balsa wa miaka hiyo: upana wake mkubwa uko wapi? Ukiwa mbele, fikira ya zamani ingali inatawala. Ukiwa nyuma, zama za kugeuka zimekwisha kufika.

Mwaka 1958 Hobie Alter na Gordon Clark, katika California, walifaulu kutengeneza povu la polyuretani kwa wingi na kwa hali iliyo sawa, ingawa wengine, akiwamo Dave Sweet, walikuwa wamekwisha lijaribu kabla yao. Povu lilimwagwa katika kalibu, likapasuliwa katikati kwa urefu, na kati ya nusu mbili ukatiwa ubao mwembamba wa mti, uliokuwa uti wa mgongo wa chombo. Mwaka 1959 filamu ya Gidget iliwavuta vijana kwa maelfu pwani, na povu likawapo wakati hasa lilipohitajiwa. Clark akaanzisha kiwanda chake mwenyewe mwaka 1961, kikawalisha mafundi wengi wa dunia mpaka alipokifunga ghafula mwezi Desemba mwaka 2005.

Mbao za povu za miaka ya 1960 ndizo zilizobaki kwa wingi, na ndizo zitakazomfikia mtafutaji kwanza. Alama zake ni nyingi. Uti mmoja, au tatu, au uti mpana wa mti mwekundu kati ya mistari miwili ya povu la rangi, huonyesha mtindo wa karakana. Vipande vya mti vilivyogandishwa kwenye omo na tezi vilikuwa fahari ya fundi na kinga ya ncha. Pezi la mwanzo wa muongo lilikuwa pana, lenye umbo la nusu duara, lililogandishwa kwa kioo na ubao wenyewe. Nembo ya mwundaji iliwekwa chini ya ganda la kioo, wala haikubandikwa juu yake. Kando ya uti, chini ya kioo, mara nyingi husomeka maandishi ya penseli: nambari, urefu, na pengine jina la aliyeuchonga. Maandishi hayo ya penseli yana thamani kuliko nembo, kwa kuwa nembo ilitangaza duka, na penseli ilitunza siri ya mkono.

Tangu mwaka 1963, Hobie alipotoa ubao kwa jina la mpandaji Phil Edwards, maduka yalianza kuuza mbao zenye majina ya watu mashuhuri. Mwaka 1965, huko Ventura, Tom Morey aliandaa shindano la kupima ni sekunde ngapi mpandaji aweza kusimama kwenye omo kabisa. Shindano hilo nalo liliacha umbo: omo pana yenye bonde chini yake, la kushika maji na kuinua mbele ya ubao. Mwenye kupapasa chini ya omo kwa kiganja na kulihisi bonde hilo amegusa mwaka 1965 au karibu yake, hata kama nembo imefutika.

Halafu yakaja mageuzi. Mwaka 1966, huko San Diego, Nat Young wa Australia alishinda ubingwa wa dunia kwa ubao wa futi 9 na inchi 4, mwembamba kuliko desturi, wenye pezi jembamba lililoinama nyuma kama la samaki, kwa fikira ya George Greenough. Mwaka uliofuata Bob McTavish, pia wa Australia, alipeleka Hawaii mbao fupi zenye tezi ya umbo la kifua cha mashua. Katika muda wa miaka mitatu urefu wa kawaida ulishuka kutoka futi 9 au 10 mpaka futi 7, na 6. Sanaa ya nusu karne iligeuka kuwa kitu cha aibu kwa kijana kuonekana nacho pwani.

Hasara ya miaka hiyo haisemwi vya kutosha. Kwa kuwa povu lilikuwa ghali na ubao mrefu ulikuwa hauna mnunuzi, vijana walizichuna mbao nyingi ganda lake la kioo wakachonga povu upya kuwa ubao mfupi. Nembo ya fundi, penseli ya mchongaji, uti na mistari ya rangi vikaenda na takataka. Hivyo uchache wa mbao kadha wa kadha hautokani na kuundwa chache. Hutokana na kudharauliwa. Aliyezikata hakuwa adui wa mbao. Alikuwa mpanda mawimbi aliyeamini kwamba jibu jipya limelifuta swali la zamani.

Katika kutambua, basi, kuna utaratibu ufaao kufuatwa. Kwanza ni kitu kilichotumika: gogo, mataruma, balsa au povu. Pili ni umbo: mahali pa upana, unene wa kingo, mbinuko wa omo. Tatu ni pezi, na namna lilivyoshikwa. Nne ni matundu. Kamba ya kumfunga mpandaji na ubao wake mguuni ilienea mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo tundu la kamba katika ubao wa mwaka 1962 lilitobolewa baadaye, au ubao huo si wa mwaka 1962. Tano, na baada ya hayo yote, ni nembo. Nembo huja mwisho kwa sababu ndiyo iliyo rahisi kuigwa. Mbao ndefu ziliporudi kupendwa, karakana kadhaa zilitengeneza upya maumbo yao ya zamani kwa nembo zile zile, kazi ya halali kabisa. Lakini mnunuzi asomaye nembo tu aweza kuuziwa mjukuu kwa bei ya babu. Na ubao wenye mapezi matatu yaliyo karibu sawa hufuata mfano aliouonyesha Simon Anderson wa Australia, alipopata ushindi wake mkubwa mwaka 1981; hauwezi kudai ukale kupita hapo bila ya ushahidi mzito.

Linabaki jambo la kutengeneza kilichoharibika, ambalo wapenzi wa mbao hawapatani juu yake. Wako wasemao kuwa ubao wa kale urudishwe katika uzuri wake wa siku ya kwanza, ung'ae, maana fundi hakuukusudia kuwa na viraka. Wako wasemao kuwa kiraka ni sehemu ya maisha ya ubao, na kwamba umanjano wa rezini, mkwaruzo wa mwamba na alama za magoti ni maandishi kama penseli ya mchongaji. Hoja ya pili ina nguvu zaidi, kwa sababu moja: kilichosuguliwa hakirudi. Mfano wa mbao za Paki huonekana kuipinga, kwa kuwa kama Blake asingeondoa ile rangi nyekundu, historia ingekosa ubao mtupu. Lakini rangi ile ilikuwa imeficha ushahidi; haikuwa ushahidi wenyewe. Tofauti ya mambo hayo mawili yahitaji jicho lenye elimu, na kwa hiyo elimu na itangulie msasa. Alama iandikwe na kupigwa picha kabla haijaguswa.

Mwanzoni mwa karne ya 21 Tom Wegener, mchongaji wa mbao akaaye Australia, alizitazama alaia za jumba la Bishop, akachonga mfano wake kwa mti mwepesi wa paulonia, bila pezi na bila kioo. Watu walioupanda walistaajabia kasi yake na namna ukingo mwembamba ulivyoshika maji. Jambo ambalo wageni wa karne ya 19 waliliona kuwa mchezo wa watu wasiostaarabika, na ambalo waundaji wa karne ya 20 walilihesabu kuwa hatua ya mwanzo iliyokwisha pitwa, lilionekana kuwa jibu timamu kwa swali lililokuwa bado linasikika baharini.

Ubao wa kale, kwa hiyo, hauhitaji huruma ya mtazamaji, wala hauhitaji kusifiwa kwa kuwa umeishi miaka mingi. Unahitaji kuulizwa. Atakayeushika ukingo wake, akaupima uzito wake, akautafuta upana wake ulipo, na kuichelewesha nembo mpaka mwisho, atajua ni nani aliyeuunda, na kwa wimbi gani. Na asipojua, bora auache kama ulivyo, awaachie watakaokuja baada yake na maarifa zaidi wapate cha kusoma.